Nilitazama, Sikuandika

Jumapili ya tarehe 8 Agosti 2021, kama saa tatu na robo usiku, nilikuwa nimelala chali juu ya mkeka nyuma ya nyumba ya watumishi wa zahanati yetu, wilayani Manyoni. Hakukuwa na mwezi, giza lilikuwa totoro na ubaridi wa kipupwe ulikuwa unakata masikio. Nilikuwa na darubini yangu ya macho mawili, ile ya 10x50, na daftari nimelilalia kwa kiwiko lisipeperuke. Nilianzia kwenye mkia wa kundi la nyota la Nge, nikapanda polepole hadi utosini, nikazunguka kwenye nyota za Hawaa, yule mshika nyoka, kisha nikashuka upande wa pili. Sikuona jambo jipya. Nikakunja mkeka nikaingia kulala.

Saa saba na dakika ishirini usiku ule ule, nikiwa nimeshalala fofofo, mtazamaji mmoja wa Ireland anayeitwa Keith Geary aliona ndani ya Hawaa nyota ambayo kwa kawaida haionekani kwa macho wala kwa darubini kama yangu. RS Ophiuchi ilikuwa imelipuka. Siku zote hukaa kwenye magnitudo 11 au 12, kipimo cha mwanga wa nyota ambacho namba ndogo ndiyo angavu. Yeye aliikuta imefika karibu na 5. Ililipuka mwaka 1898, ikarudia 1933, 1958, 1967, 1985 na 2006, na sasa zamu ilikuwa imefika tena. Kwa saa ya kwetu, nilikuwa nimepitisha darubini mahali pale pale saa nne kabla yake.

Habari niliipata asubuhi kwenye simu, kabla sijafungua dirisha la dawa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari. Ukurasa wa tarehe 8 ulikuwa mweupe. Niliandika tarehe na saa, nikaandika kwamba anga ni safi, basi. Kama nyota ile ilikuwepo nikaipita bila kuitambua, au ilikuwa bado haijafika uwezo wa darubini yangu, sitajua kamwe. Kwa sababu nilitazama, sikuandika.

Ugunduzi si kitu kinachonikosesha raha. Aliyegundua alistahili, alikuwa anazijua nyota za eneo lile kama mtu anavyozijua nyumba za mtaa wake. Linaloniuma ni kwamba saa ile tatu na robo usiku kwetu, Ulaya mwanga wa jua ulikuwa haujaisha vizuri na Amerika zote mbili zilikuwa mchana. Giza lilikuwa upande wetu. Nyota ilikuwa inapanda, na kasi ya kupanda kwa nova kama ile, yaani nyota inayolipuka ikang'aa ghafla, huhesabiwa kwa saa. Mstari mmoja tu kutoka Manyoni, "eneo limepitiwa, hakuna mgeni hadi magnitudo 7", ungekuwa na kazi kubwa kuliko makadirio yote mazuri niliyotuma wiki zilizofuata.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, akibeba nazi na mbao kati ya Pangani, Pemba na Mombasa, na nyota nilizijua kwake kabla sijajua kusoma. Kwa mabaharia wa pwani, Suheli ni nyota na ni kusini yenyewe. Ukiambiwa chombo kinaelekea suheli, hujauliza nyota, umeshajua omo imetazama wapi. Kilimia alinifundisha kwa maneno ya wazee: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Yote hayo yalikuwa ya kumfikisha mtu bandarini au kumwambia alime lini. Hakuwahi kuniambia kwamba ziko nyota zinazobadilika, na sasa naelewa kwa nini. Nyota ya nahodha ni ile inayokaa pale pale.

Nilikuja kujua kwamba hubadilika mwanzoni mwa 2020. Mvua zilikuwa zimepumzika siku mbili tatu, na mimi nilikuwa barazani nasubiri gari la kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya. Nikamtazama Jabari, kundi la nyota la Orion. Bega lake jekundu, Ibuti la Jauza, lile linaloandikwa Betelgeuse kwenye ramani, lilikuwa limefifia. Tangu utoto wangu bega lile lilikuwa likishindana na Rijili, mguu wa Jabari. Usiku ule lilikuwa linakaribiana na bega la pili, Bellatrix, ambalo kila mtu anajua ni hafifu. Nikadhani ni vumbi, ila hakukuwa na vumbi, mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Nikadhani ni macho yangu. Nikamwita muuguzi wa zamu, akasema kwa utulivu wake, "Daktari, mimi nitajuaje ilikuwaje jana?"

Swali lile ndilo lililoniingiza kwenye kazi hii. Utajuaje ilikuwaje jana, kama hukuandika?

Kumbe dunia nzima ilikuwa inaitazama. Nyota ambayo kwa kawaida huwa karibu na magnitudo 0.5 ilishuka hadi kama 1.6 katikati ya Februari 2020. Wengi walitarajia supanova, mlipuko wa kufa kwa nyota. Haikuwa hivyo, nyota ilikuwa imetapika sehemu ya gesi yake, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likakinga mwanga upande wetu. Kufikia Aprili ilikuwa imeshaanza kurudi hali yake. Katika kufuatilia ndipo nilipokutana na chama cha watazamaji wa nyota badilifu cha Marekani, AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, ambacho hupokea makadirio kutoka kwa mtu yeyote mwenye macho na uaminifu. Ramani zao ni bure. Kila nyota ya kulinganishia imeandikwa namba bila nukta, 57 maana yake 5.7, kwa kuwa nukta kwenye ramani ya nyota ingeonekana kama nyota nyingine. Nilipoelewa sababu hiyo nilifurahi sana, maana niliona kuwa wenye ramani hizi wamewahi kukaa gizani na tochi mkononi.

Kwa asiyejua, hesabu ya magnitudo inakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, nyota ni angavu zaidi. Tofauti ya magnitudo 5 ni mara 100 kamili za mwanga, kama alivyopendekeza Norman Pogson mwaka 1856. Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine. Unatafuta nyota moja inayoizidi ile yako na nyingine inayozidiwa nayo, namba zake unazijua, kisha unauliza jicho: yangu iko wapi kati ya hizi mbili? Katikati? Robo ya njia? Fundi cherehani anayekata kitambaa bila futi kila wakati anaijua hali hii. Mwanzoni unakosea kwa magnitudo nusu, baada ya mwaka unakosea kwa moja au mbili ya kumi, na hapo ndipo wengi wetu tunapofikia.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa mengi, nitayataja machache yaliyonigharimu. Nyota nyekundu ukiikodolea macho inazidi kung'aa kadiri unavyoitazama, kwa hiyo unaitupia jicho haraka, unaondoa, unarudi. Nyota iliyo karibu na upeo wa macho inafifishwa na hewa nene, hivyo usiilinganishe na iliyo utosini. Taa ya sola ya mlango wa zahanati ilinivuruga miezi mingi hadi mke wangu aliponitundikia khanga kwenye kamba kati ya taa na mkeka. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza, na taa moja inakurudisha mwanzo. Tochi nimeifunga kitambaa chekundu mara mbili.

Kosa kubwa halikuwa la macho. Siku zile za Ibuti la Jauza nilikuwa na tabia ya kusoma kwanza wenzangu wameandika ngapi, ndipo nitoke. Nikisoma 1.5, natoka naona 1.5. Nikisoma 1.6, naona 1.6. Nilijiona nimeiva. Usiku mmoja nikasoma kadirio la mtu, 1.9, nikatoka, nikatazama kwa makini kabisa, nikaona 1.9, nikatuma. Asubuhi yake mwenyewe aliomba radhi, alikosea kubonyeza, alikusudia 1.6. Nilikaa kwenye kiti cha chumba cha mapumziko nikiwa na simu mkononi, nikahisi aibu ya kweli. Sikuwa nimetazama nyota. Nilikuwa nimetazama namba ya mtu mwingine nikaibandika angani. Tangu siku hiyo intaneti huzimwa kabla sijatoka, namba inaandikwa kwa kalamu ya wino, na nikishaandika sifuti hata nikiona nimetofautiana na dunia nzima. Hivi ndivyo tunavyofundishwa pia kupima shinikizo la damu: usitazame kadi ya mwezi uliopita kabla hujamaliza kusikiliza.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sisi wa Kiswahili tunalibeba peke yetu, nalo ni saa. Saa mbili usiku kwangu ni 20:00 kwenye simu, na kwa saa ya dunia, UT, ambayo ndiyo inayotakiwa kwenye taarifa, ni 17:00. Mtu anageuza mara mbili. Miezi mitatu ya kwanza niligeuza mara moja tu, nikatuma taarifa zote zikiwa zimetangulia saa tatu mbele ya ukweli. Kwa nyota inayobadilika kwa mwaka hakuna aliyejali. Kwa nova ingekuwa uongo. Tarehe nayo ina mtego wake. Saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa UT bado ni Jumapili saa 23:00. Kilichoniokoa ni hesabu ya siku za Julian, inayohesabu siku mfululizo bila mwezi wala mwaka, na ambayo siku yake inaanza saa sita mchana kwa UT. Kwetu hiyo ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo usiku wetu wote, tangu magharibi hadi alfajiri, unaingia ndani ya namba moja. Nilipolitambua hilo nilimkumbuka baba, ambaye kwake siku mpya ilianza jua likizama na usiku ulikuwa wa siku inayokuja. Siku ya 2459436, kwa mfano, ilianza alasiri ya tarehe 9 Agosti 2021.

Na jioni ya siku hiyo nilikuwa nje kabla adhana ya isha. RS Ophiuchi ilikuwa inaonekana kwa macho matupu, karibu utosini, ikifanya pembetatu na nyota mbili za Hawaa ninazozijua. Niliikadiria 4.6. Kwenye darubini ilikuwa na wekundu, kama kaa la moto linaloonekana kupitia majivu. Wiki moja baadaye ilikuwa imeshuka karibu magnitudo mbili na macho peke yake hayakutosha tena. Niliandika kila usiku. Baadaye nikasoma kwamba darubini za H.E.S.S. kule Namibia, zinazonasa miali ya gama, zilikuwa zimeelekezwa kwenye nyota hiyo hiyo siku hizo hizo, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa nova kuonekana kwa miali yenye nguvu kiasi kile. Bara letu lilikuwa macho. Mimi nilikuwa macho pia, isipokuwa kwenye ule usiku mmoja uliohitajika.

Nilichelewa kuelewa thamani ya ukurasa mweupe, nikaja kuielewa kwa kisa cha Albert Jones wa New Zealand. Huyu alikuwa mtazamaji asiyelipwa ambaye katika maisha yake alikusanya makadirio zaidi ya 500,000 kwa jicho lake. Tarehe 23 Februari 1987, saa 07:35 UT, vifaa vilivyozikwa ardhini Japani na Marekani vilinasa neutrino chache, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilizotoka kwenye kitovu cha nyota iliyoporomoka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa takriban miaka ya nuru 168,000. Kwetu ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, watu wako shambani. Wakati ule hakuna aliyejua. Rekodi za neutrino zilifunguliwa baadaye. Chini ya saa mbili baada ya hapo, Jones alielekeza darubini yake eneo lile lile katika mzunguko wake wa kawaida. Hakuona kitu kigeni. Akaandika kwamba hakuona. Baada ya saa moja na ushee picha iliyopigwa Australia ilikuwa na nyota mpya ya magnitudo 6.

Fikiria. Supanova iliyokuwa angavu kuliko zote tangu darubini ivumbuliwe, na mmoja wa mashahidi wake wakuu ni mtu aliyesema "sijaona kitu", na akasema saa ngapi. Kwa mstari ule wanasayansi walijua mwanga ulichelewa kiasi gani kutoka baada ya neutrino, yaani wimbi la mlipuko lilichukua muda gani kusafiri toka kwenye kitovu hadi kwenye ngozi ya nyota. Jones mwenyewe aliiona supanova usiku uliofuata, naye ni miongoni mwa wagunduzi wake. Lakini mimi nikimkumbuka, namkumbuka kwa usiku wa kwanza.

Aibu yangu ni kwamba somo hili nilikuwa nalo mezani kila wiki. Zahanati yetu, kama nyingine zote, hutuma taarifa ya magonjwa ya mlipuko kila wiki: kipindupindu, surua, kimeta na mengine. Kama hakuna mgonjwa, unatuma sifuri. Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kuacha kutuma wiki mbili kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa hata mmoja, na mratibu wa wilaya akanipigia simu. Hakufoka. Aliniambia, "Kaka, ukinyamaza, huku sisi hatujui kama hakuna ugonjwa au hakuna mganga." Miaka mingapi nimetuma sifuri zangu kwa wakati, nikiwafundisha na wauguzi wapya, halafu usiku nikitoka nje naacha ukurasa wazi!

Sasa naandika. Ziko alama zake: ukiweka < mbele ya namba unasema nyota ni hafifu kuliko hapo, hujaiona, lakini nyota ya namba hiyo umeiona kwa hakika. Ni lazima uwe umeiona hiyo ya mwisho. Usiweke namba kwa kukisia uwezo wa darubini.

Oktoba 2024 ilikuja ile nyotamkia ya Tsuchinshan-ATLAS. Kabla yake kulikuwa na mtaalamu mmoja mashuhuri aliyetabiri kwamba ingevunjika kabla ya kulifikia Jua. Haikuvunjika. Ililizunguka Jua tarehe 27 Septemba, na mwishoni mwa mwezi huo niliiona alfajiri, saa kumi na moja na robo, chini kabisa upande wa mawio, mkia umesimama wima juu ya miti ya mikungugu. Kisha ikapotea kwenye mwanga, na katikati ya Oktoba ikarudi upande wa machweo.

Kuikadiria nyotamkia ni kazi ngumu kuliko nyota, nisiwafiche. Nyota ni nukta. Kichwa cha nyotamkia ni bonge la ukungu. Huwezi kulinganisha punje ya mchele na bonge la pamba. Unachofanya ni kukariri mwonekano wa kichwa kile, halafu unaharibu kwa makusudi mlengo wa darubini hadi nyota ya kulinganishia ivimbe ifikie ukubwa ule ule, ndipo unauliza ipi inazidi. Na Oktoba huku kwetu ni mwezi wa kuchoma mashamba. Moshi na vumbi vinalala chini ya anga kama shuka chafu, na nyotamkia inapenda kukaa huko huko chini.

Jioni ya tarehe 15 nilikuwa mbele ya zahanati na darubini, mwezi ukiwa umebakiza siku mbili uwe mpevu. Muuguzi mkunga alikuwa ndani na binti aliyekuja kujifungua, na bibi yake aliyemsindikiza alikuwa amekaa barazani na kanga mbili mabegani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Unatafuta nini huko?"

"Nyota ya mkia. Njoo uione."

Alikuja taratibu. Nilimshikia darubini, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka, nikaielekeza, nikangoja. Alikaa kimya kwa muda hadi nikadhani hajaipata. Kisha akasema, "Huu mkia mfupi. Ya wakati ule ilikuwa imesimama kama mkuki."

"Wakati gani, Bibi?"

"Nilikuwa mwali. Uhuru umeshapita, kuhamia vijijini bado. Tulikuwa tunafyeka mashamba, mvua haijaja. Tunatoka alfajiri kwenda kisimani tunaikuta upande wa mawio, kila siku."

Nilikaa naye kwenye benchi. Uhuru ni 1961, operesheni ya vijiji ilitufikia miaka ya sabini katikati. Kufyeka kabla ya mvua ni Oktoba na Novemba. Alfajiri, mawio, mkia mrefu kama mkuki. Nyotamkia ya Bennett ya 1970 ilionekana Machi na Aprili, haiwezi kuwa hiyo. Naamini aliona Ikeya-Seki, iliyolipita Jua tarehe 21 Oktoba 1965 karibu kuligusa. Miaka 59 bibi huyu alikuwa ametunza mwelekeo, saa, majira na umbo. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Wazee walisema inaleta nini?" nikamuuliza.

"Walisema vita. Tukangoja. Haikuja." Akajifunga kanga vizuri. "Vita ya Idi Amin ilikuja baadaye sana, na mwaka huo sikuona nyota yoyote."

Nilirudi kwenye darubini. Nyota angavu ya kulinganishia iliyokuwepo ni Kalbi Akarabu, moyo wa Nge, nayo ilikuwa juu zaidi, ilibidi nisahihishe kwa ajili ya hewa na moshi. Niliandika 1.4 na alama ya shaka pembeni, na pembeni zaidi nikaandika maneno ya bibi jinsi alivyoyasema. Saa sita usiku mjukuu wake alijifungua salama mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Nikaandika na hiyo, kwenye kitabu chake.

Ninapoandika haya ni mwisho wa Julai 2025, na kama watazamaji wengine wengi ninaingoja nyota ya T Coronae Borealis, kwa kifupi T CrB. Iko kwenye Taji la Kaskazini, nusu duara ya nyota ambayo kwetu inapanda vizuri upande wa kaskazini jioni za kipupwe. Ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku 227: jitu jekundu, na kibete cheupe kinachomnyonya mwenzake gesi hadi mzigo uwe mkubwa uwake wote kwa mpigo. Ililipuka tarehe 12 Mei 1866, ikalipuka tena tarehe 9 Februari 1946. Ikilipuka itatoka magnitudo 10 hadi karibu 2 ndani ya saa chache, na ndani ya wiki moja hivi itakuwa imepotea tena machoni. Wengine walitaja Septemba 2024. Ikapita. Zikatajwa tarehe nyingine, nazo zikapita. Mimi sizisomi tena tarehe hizo, kwa sababu nimeshaeleza yanayonipata nikisoma kabla ya kutoka.

Magnitudo 10 ni mpaka wa mwisho wa darubini yangu, nikiwa nimeifunga kwenye stendi na anga likiwa safi kabisa. Usiku mwingi siioni. Daftari langu la mwaka huu na mwaka jana, kwenye nyota hiyo, limejaa alama ya <, ukurasa baada ya ukurasa. Zamani ningeona haya kumwonyesha mtu daftari la namna hiyo.

Juzi Jumamosi, tarehe 26, nilimwachia kiti binti yangu wa darasa la sita. Fisi walikuwa wanalia mbali, ng'ambo ya reli. Alitazama kwa muda mrefu, akarudi kwenye ramani, akatazama tena.

"Baba, siioni."

"Ile ndogo ya pembeni yake je?"

"Ile naiona." Akamulika ramani kwa tochi nyekundu. "Imeandikwa tisini na tatu."

"Una hakika umeiona, au umesoma tu?"

Akarudi kwenye darubini. Nikamsikia anavuta pumzi na kuizuia, kama nilivyomfundisha, ili picha isicheze. "Nimeiona. Inakuja na kupotea, lakini ipo."

"Basi andika."

"Niandike nini, na yenyewe sijaiona?"

Nikamwonyesha alama. Aliichora kubwa kupita kiasi, ikavuka mstari. Kisha akahesabu kwa vidole, saa tatu na dakika kumi usiku, toa hadi ifike UT, akarudia kuhesabu, akaandika: 18:10, T CrB, <9.3, wingu hakuna. Akafunga kalamu, akauliza kama kesho ataandika tena yeye.